Nani Aliimba Besi ya Idwal

Mume wangu Idwal alikuwa na besi ambayo ikikosekana kwenye kwaya, hata kiziwi anageuka kutazama. Sisemi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nene, na mwenyewe alikuwa na tabia ya kuchelewa nusu pigo ili kila mtu asikie anapoingia. Lakini katika Chama cha Wawelisi cha Nantgwyn, sisi ambao babu zetu walivuka bahari kuja kuchimba makaa, tangu machimbo yafungwe na vijana wakimbilie Sydney, waimbaji wa besi wamebaki wa kutafuta kwa tochi. Wa sauti za juu wapo tele, maana kila mwanamume mwenye majivuno hujiona ana koo la ndege. Chini alikuwepo Idwal, na kwaya nzima ilimkalia mgongoni.

Kwa hiyo Emlyn Beynon alipokuja kunieleza kwamba basi zima halikujua kuwa Idwal hayumo, nilimuuliza swali moja tu.

Kila mwaka mwezi wa Juni, baridi ikiwa imeshika, Chama huenda matembezi kwa basi hadi Bwawa la Tallara. Watu wanachoma nyama ya kondoo na soseji, wanakula vile vikeki vyetu vya zabibu vinavyopikwa juu ya bamba la chuma, wanaimba kando ya maji, na njia nzima ya kurudi ni kuimba vilevile. Mwaka ule sikwenda. Nilikuwa Newcastle hospitalini, nimewekewa goti jipya. Nilimpigia Idwal simu nikamwambia avae koti zito. Akasema sawa, mama, halafu akavaa jepesi. Ndivyo alivyokuwa.

Baada ya kula alikwenda kutembea upande wa pili wa ukuta wa bwawa, kama alivyofanya miaka yote. Aliporudi, basi halikuwepo. Kule simu hazishiki. Mvua ikaanza. Akashika barabara kwa miguu, na jioni mfugaji mmoja wa ng'ombe akamkuta ameegemea uzio, maji yanamchuruzika hadi viatuni. Walimleta hospitali ileile niliyolazwa, ghorofa ya juu yangu. Nilisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kwenda kumwona.

"Nilisikia likiwashwa," aliniambia. "Nikapiga kelele. Nikasema moyoni, wakianza kuimba tu watajua sipo, watarudi."

Nimonia ilimmaliza kabla wiki haijaisha.

Emlyn alikuja hospitalini na maua. Kwetu nusu ya mji ni akina Jones na nusu nyingine akina Davies, kwa hiyo mtu hupewa jina la kazi yake: Idwal tulimwita Idwal Mbao, na Emlyn, aliyekuwa meneja wa benki, ni Emlyn Benki mpaka leo. Ni mwenyekiti wa Chama, mrefu, msafi, mtu wa kukushika mkono kwa mikono miwili.

"Eluned, dada yangu," alisema, "Mungu ndiye shahidi yangu. Tulidhani yuko kiti cha nyuma amelala. Hakuna hata mmoja aliyegundua."

"Hata mlipoanza kuimba?"

"Hata tulipoanza kuimba."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka.

Tulimzika Idwal siku ya upepo. Baada ya mazishi watu waliingia ukumbi wa kanisa kunywa chai, na mimi nikakalishwa kando ya birika kama mwali, kila mmoja apite kunipa pole. Akaja Cledwyn Bomba, fundi wa mabomba ya maji, mtu mzima lakini bado ana haya za mtoto. Sahani yake ilikuwa imejaa sandwichi na hakuwa amegusa hata moja.

"Anti Eluned," alisema, "sijui kama nikwambie hili ama ninyamaze."

"Sema, mwanangu."

"Siku ile kwenye basi, besi yake niliimba mimi. Mzee Beynon aligeuka akaniambia, 'Cledwyn, leo shuka kwenye besi, shika nafasi ya Idwal, yeye anarudi na gari la akina Pugh.' Nikashuka. Sikuiweza vizuri, anti, mimi koo langu si la kule chini, lakini nilijitahidi. Nilitaka tu ujue kwamba nafasi yake ilishikwa."

Alitaka kunifariji, maskini. Machozi yalimlengalenga. Na mimi nilimtazama mama Pugh ng'ambo ya ukumbi, yule ambaye mwezi ule wote wa Juni alikuwa kwa bintiye kule Adelaide, gari lake limefungiwa gerejini.

"Asante, Cledwyn," nikasema. "Kula sandwichi zako."

Siku ile huzuni yangu iligeuka kitu kingine. Mpaka hapo nilikuwa nalia kama wajane wote. Kuanzia hapo sikulia. Ningeweza kumwendea Emlyn palepale, lakini angenishika mkono kwa mikono miwili na watu wangesema msiba umempanda kichwani. Nilitaka aulize mwenyewe. Nilitaka aulize mbele za watu, kwa mdomo wake, halafu nimjibu.

Na desturi yetu inamlazimisha kuuliza.

Kila Oktoba tunafanya Eisteddfod, tamasha la kushindana kwa nyimbo na mashairi. Mshairi bora hupewa kiti cha kuchonga, na kabla hajakikalia, mwenyekiti husimama juu yake na upanga. Huuchomoa nusu tu, haumalizi, akauliza ukumbi mara tatu: Je, kuna amani? Mara tatu ukumbi hujibu: Amani! Ndipo upanga unarudi alani na mshindi anakaa. Bila amani hakuna kukaa. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kanuni, lakini hakuna anayeisoma, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujibu vingine. Watoto wetu hujibu "Amani" huku wanatafuna peremende.

Viti vyote vya miaka hiyo alivichonga Idwal. Cha mwaka ule kilikuwa karakanani kwetu, mkono wa kushoto umejaa majani ya liki, mboga iliyo nembo yetu, yaliyochongwa vizuri, wa kulia bado mbao tupu. Emlyn alikuja kukiulizia mwezi wa Septemba.

"Naona aibu kukusumbua, dada yangu. Lakini Idwal angependa kikaliwe."

"Angependa, eti?"

"Nina hakika. Nitamtafuta fundi amalizie ule mkono."

"Usiuguse. Kiende hivyo hivyo." Nikamkatia kipande cha mkate wa matunda, nikampakia siagi. "Mwaka huu upanga unaushika wewe?"

"Nani mwingine?" Akacheka. "Na wageni wanatoka Melbourne. Nadhani unajua wananitaka niongoze shirikisho la vyama vyote. Itakuwa siku kubwa."

"Itakuwa," nikasema. "Ongeza chai."

Alikula vipande viwili. Nilimtazama akitafuna na nilifurahi, sifichi. Nilifurahi kama mtu anayemtazama kuku anayejiingiza mwenyewe bandani.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Nilivaa gauni la mazishi, nikabandika kifuani daffodili ya sufu, ua letu Wawelisi, nikakaa safu ya pili, kwenye ncha. Wageni wa Melbourne walikaa mbele yangu, shingo zao zinanukia marashi. Jaji akasoma sifa za shairi bora, shairi la maji yanayopita chini ya mji bila mtu kuyashukuru, akataja jina la siri la mtunzi na kumtaka asimame alipo. Tarumbeta ikalia. Akasimama Cledwyn Bomba, uso mwekundu mpaka masikioni.

Nilimwonea huruma. Kati ya watu wote, yeye. Nusura nighairi. Halafu nikauona ule mkono wa kiti usiochongwa, na huruma ikaniisha.

Wakampandisha jukwaani na kumvika joho. Emlyn naye alikuwa na joho lake jeupe, ambalo nililishona mimi. Akauinua upanga juu ya kichwa cha Cledwyn, akauchomoa nusu.

"Je, kuna amani?"

"Amani!" ukumbi ukanguruma.

Nami nilichelewa nusu pigo, kama Idwal, ili wote wanisikie nikiingia.

"Hakuna!"

Watu wengine walicheka, wakidhani nimekosea. Mgeni wa mbele yangu akageuka na tabasamu, akaniona uso, akageuka upesi.

"Eluned, dada yangu," Emlyn alisema kwa ile sauti ya benki, "sote tunajua mwaka huu umekuwa mzito kwako..."

"Umeuliza, nimekujibu. Au unauliza mapambo?" Nilikuwa nimesimama kwa goti langu jipya. "Cledwyn, mwanangu. Siku ile kwenye basi, nani aliimba besi ya Idwal?"

Cledwyn alinitazama, akamtazama Emlyn. Nafikiri hapo ndipo alipoelewa, maana aliachama mdomo.

"Mimi, anti."

"Nani alikuambia?"

"Mzee Beynon."

"Kabla basi halijaondoka, au lilipofika mjini?"

"Kabla," akasema taratibu. "Tulikuwa bado getini pa bwawa. Alisema Idwal anarudi na akina Pugh."

"Akina nani?" Mama Pugh aliruka kitini kama aliyechomwa. "Mimi nilikuwa Adelaide! Emlyn Benki, hilo gari langu ulilitoa wapi wewe?"

Hapo hakuna aliyecheka. Safu zote za waliokuwa kwenye basi zikainamisha vichwa, nami nikaona kitu ambacho sikukitarajia: wengi wao hawakushangaa. Waliisikia ile besi nyembamba ya Cledwyn njia nzima na walijua mwenyewe hayupo. Walipewa jibu jepesi, wakalipokea, wakaendelea kuimba. Niliwachukia wote pamoja, wake kwa waume, na vikeki vyao.

"Uliza tena," nikamwambia Emlyn. "Inaulizwa mara tatu."

"Eluned, tafadhali."

"Uliza! Wageni wametoka Melbourne."

Emlyn aliwatazama wageni. Akafungua mdomo. "Je, kuna amani?"

Hakujibu mtu. Ukumbi mzima wa Wawelisi, watu wasioweza kupita mlangoni bila kupatana sauti nne, ukanyamaza kimya.

"Aliniaibisha," Emlyn alisema. Hakuwa akizungumza na mimi, alikuwa akiutazama ule upanga. "Pale bwawani, mbele za wageni tuliowaalika. Nilianzisha wimbo, akasema, 'Emlyn, umeanza juu mno, unataka kutunyonga?' Wakacheka wote. Nilitaka asubiri kidogo tu, ajifunze. Ningerudi kumchukua na gari langu. Halafu mjini kukawa na chakula cha jioni na wageni, mvua ikanyesha, nikasema ameshapata lifti." Hapo ndipo akanitazama. "Nilijua hayumo. Nilijua."

Miezi minne nililisubiri neno hilo, na lilipokuja lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri. Wimbo umeanza juu mno. Kwa hilo mtu aachwe kwenye mvua.

"Sasa mara ya tatu," nikasema.

Alilia alipouliza. Ukumbi wote ukanigeukia mimi, na kwenye zile nyuso niliona wananiomba. Neno moja tu, mama, utufungue tukanywe chai. Ningeweza kulisema. Nilichukua mkoba wangu nikakaa, nikaupakata, nikafunga mdomo.

Upanga haukurudi alani. Cledwyn alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka chini. "Mimi hapa siwezi kukaa," alisema, na ni yeye aliyekibeba kile kiti mpaka kwenye gari langu. Sasa kipo jikoni. Nakikalia ninapomenya viazi, mkono wangu wa kulia juu ya mbao tupu.

Wageni hawakumtaka tena Emlyn kwa shirikisho lao, na uenyekiti wa Chama aliuacha mwenyewe. Amekuja mlangoni kwangu kuomba msamaha. Nimemwacha barazani, mvua ikinyesha, muda wa kutosha, halafu nikamwambia kupitia dirishani aende zake.

Juni hii walinialika matembezi. Walidhani sitakwenda. Nilikwenda, nikakaa kiti cha Idwal, karibu na mlango wa nyuma. Emlyn naye alikuwemo, kiti cha mbele, maana Mwelisi wa Nantgwyn Jumapili hana pengine pa kwenda. Tulipotoka getini pa bwawa, mtu akaanzisha wimbo wa kurudi nyumbani, soprano wakaingia, alto wakaingia, wakaingia wale wa sauti za juu, halafu wote wakasubiri besi. Cledwyn alikuwa kiti cha pembeni yangu. Nilimtazama, akafumba mdomo.

Waliimba hivyo hivyo mpaka mjini, chini pakiwa patupu, na shingo ya Emlyn ilikuwa nyekundu njia nzima. Mimi nilikula vikeki vyangu na kusikiliza.