Tatu Isiyo na Mkia

Asubuhi hiyo Syntiche hakutulia. Aliketi, akainuka, akaketi tena, mpaka mkubwa wake wa kazi, Godefroid, akamwuliza kama kiti kina siafu.

"Kiti haina kitu, patron. Ni hizi namba njo zinanisumbua."

Namba zenyewe zilikuwa zimetulia kwenye skrini: mbili, moja, tatu, mbili. Ni vipimo vya gesi inayobaki chini ya mgodi baada ya baruti kulipuliwa. Kipimo kikizidi tatu, taa ya mlango wa handaki inawaka nyekundu na hakuna anayeingia. Kisipozidi, inawaka kijani, na wapasua miamba wanarudi kazini. Mmoja wao ni Kabwe, mdogo wake Syntiche wa tumbo moja.

Hesabu ya gesi ilifanywa na programu ya zamani iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya C, kazi ya injinia Adalbert kabla hajastaafu na kwenda kulima mahindi Kasungami. Maandishi yake ya asili yalishapotea. Lilibaki faili ambalo mashine inalielewa lakini binadamu halisomi, na nani angethubutu kulichokonoa? Syntiche aliandika programu mpya juu yake, kwa Python, yenye skrini ya rangi za kupendeza. Kila ilipohitaji hesabu, programu hiyo iliita ile ya zamani: chukua kipimo hiki, nirudishie namba. Ilianza kazi jana, na ofisi nzima ikampigia makofi.

Lakini niambie wewe, hewa gani hiyo inayojua kutoka nzima nzima? Mbili kamili, tatu kamili, tangu jana, hakuna hata mkia wa desimali! Jambo hilo lilimwasha kama upupu.

"Keti, mama," Godefroid akasema. "Bageni banakuya kuona hii skrini yako. Usiniletee maneno leo."

Hakuketi. Aliinama juu ya kompyuta, akaiita hesabu ya zamani kwa mkono wake mwenyewe, akaipa 2,9. Ikamjibu mbili. Akaandika tena, safari hii kwa nukta, kama wanavyoandika Waingereza. Ikamjibu mbili nukta tisa.

Mkato! Vipima-gesi vya mgodi vinaandika Kifaransa, kwa mkato, kama sisi wote tulivyofundishwa shuleni. Programu ya Adalbert ilipokuwa ikijiendesha yenyewe, kitu cha kwanza iliiambia mashine isome namba za Kifaransa. Syntiche alikuwa ameuruka mwanzo huo, akaenda moja kwa moja kwenye hesabu. Kwa hiyo C ilisoma hadi kwenye mkato, ikaishia hapo, ikatupa yaliyobaki bila kulalamika. Akafungua kipimo chenyewe cha handaki la kina Kabwe, pale skrini iliposema tatu. Kilikuwa 3,9.

"Eh Mungu wangu! Patron, bantu batoke kule chini!"

"Na bageni je?"

Syntiche alibonyeza kitufe chekundu mwenyewe. King'ora kikalia. Godefroid alianza kufoka, akaiona ile namba, akashika simu.

Wapasua miamba wakapandishwa juu. Wote walikuwa bado huko chini nje ya mlango wa handaki, isipokuwa Kabwe aliyekuwa ameshaingia. Alitoka akikohoa, macho mekundu, anacheka.

"Niko bien, yaya. Ni kikohozi tu," akamwambia dada yake.

Mzima gani! Gesi ile ina ujanja: inakuacha ucheke, halafu baadaye inakukaba mapafu. Syntiche alilijua hilo. Alimburuta hadi dispensari, akamsihi nesi Virginie asimruhusu kwenda nyumbani. Virginie alimvisha barakoa ya oksijeni, akasema wangoje, hawezi kuahidi kitu.

"Benzako bote balibakia inje," Syntiche akamwambia Kabwe. Alikuwa na hasira, na woga mwingi kuliko hasira. "Weye uliingia juu ya nini?"

Kabwe akaisogeza barakoa.

"Balisema macho inabachoma, tungoje kwanza. Miye nikabaambia, taa iko vert, iko kijani, na ile machine ni yaya yangu njo aliitengeneza." Akakohoa, akacheka tena. "Nikaingia wa kwanza, ili baone."

Syntiche alimrudishia barakoa usoni, akaishikilia hapo kwa mikono miwili, akimsikiliza anavyovuta pumzi.