Bangili za Swaumu

Watu wa Ng'ambo, hapa Tabora, wana ugonjwa mmoja ambao hata Azimio la Arusha halikuutibu. Mtu atalala na njaa, lakini akiitwa mbele za watu atatoka amevaa kama bibi harusi. Kama hana, mtaa utamwazima, na hasimangwi. Tumerithi kwa babu zetu, waliobeba pembe za wenyewe hadi pwani wakarudi na kilemba kimoja cha kuonyesha.

Mwaka wa sabini na mbili alikufa Mabruki, fundi cherehani. Mkewe Mwanahawa hajatoka edani, mdogo wa marehemu, Abasi, alikwisha kupata mnunuzi wa nyumba. Nyumba ya ukoo, alisema. Mwanahawa, aliyesomba kwa kichwa chake udongo wa kila ukuta, ati arudi kwao Usoke. Mawakili wa mjini walitaka kwanza kuona fedha.

Eda ilipokwisha, akaja kwa treni mwanasheria kijana, Dionis, kuwasimamia bure wasio na uwezo. Nilizunguka nyumba hadi nyumba kutangaza.

"Kaka, niende nikajitangaze fukara?" Mwanahawa aliniuliza.

"Nenda ukadai nyumba yako."

Akaja. Ofisi ya tawi la chama, alikoketi mwanasheria, ilijaa hadi barazani. Alivaa doti mpya ya kanga, viatu vya kung'aa, na bangili za dhahabu mkono mzima. Bangili zile kila mtu alizijua: za jirani yake Swaumu, zilizokwisha kuhudhuria harusi nyingi kuliko kadhi. Kila mtu, isipokuwa Dionis.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Dionis akautazama mkono. "Samahani, mama. Msaada huu ni wa wasioweza kulipa wakili. Hizo bangili ni zako?"

Mwenye kuthibitisha ufukara wa mtu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Na balozi wetu alikuwa nani? Abasi huyo huyo, ameketi dirishani anachokonoa meno.

"Mjibu mgeni, shemeji," akasema kwa upole. "Au nimwambie mimi? Wahenga walisema nguo ya kuazima..."

Hakumalizia, maana sote tunajua haisitiri nini. Watu wakacheka, hata yule aliyemwazima viatu.

Mwanahawa akanyoosha shingo. "Zangu."

Dionis akafunika kalamu. "Basi uza moja, mama, utafute wakili. Anayefuata."

Nyumba ikawa inaondoka hivyo, mchana kweupe, na sisi tunaitazama. Nani angesema? Kusema ni kumfanya mjane mwongo mbele ya shemeji yake.

Swaumu akasimama. Sauti yake ya kuuzia vitumbua husikika hadi stesheni, lakini siku hiyo ilitoka kama ya mgonjwa.

"Ni zangu mimi. Nilimvisha mwenyewe asubuhi. Na kanga pia. Huyu hana kitu, mwanangu. Jana ameshindia uji, na uji wenyewe nilimpa mimi."

Habari ya uji haikuwa na lazima. Lakini alitaka nyumba ipone, akamwaga yote.

Mwanahawa akaanza kuzivua. Moja ikagoma kwenye kiganja. Akailowesha kwa mate mbele yetu, akaivuta. Akaziweka mezani, akaficha mikono ndani ya kanga ambayo nayo haikuwa yake. Ndiyo serikali yetu ya wanyonge: mnyonge avuliwe kwanza, ndipo iamini kwamba yu uchi.

"Jina lako kamili, mama?" Dionis akauliza, macho yake kwenye karatasi.

Kesi alishinda. Hakimu alisema nyumba ni ya mjane, na Abasi asiikanyage. Jioni Swaumu akapika wali, akaupeleka kwa sinia kumpongeza, nasi majirani tukafuata na vigelegele.

"Hodi, shoga."

Akabisha tena.

"Hodi humu."

"Karibu," ikajibu sauti kutoka ndani, ya adabu kabisa, kama anayemjibu mpita njia.

Tukangoja komeo litoke. Halikutoka. Vigelegele vikafia midomoni. Swaumu akaangalia mlango, akatuangalia sisi, tukaangalia chini. Akaliweka sinia kizingitini, akaliweka kawa lake sawasawa nzi wasiingie, akarudi kwake.