Fainali Aliyoikosa Hafidha

Hafidha alijikaza asichechemee alipomwendea Mwalimu Stambuli kando ya uwanja. Goti lilikuwa limemvimba tangu nusu fainali, naye alikuwa amelifunga bendeji kwa nguvu mpaka mguu ukaingia ganzi.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi niko sawa."

"Marahaba. Hebu ruka."

Aliruka mara moja tu, machozi yakamlengalenga.

Malindi nzima ilimjua Stambuli. Mzaliwa wa mtaa wa Shella mjini humo, alicheza kandanda ya kulipwa Nairobi, kisha Muscat, na aliporudi kwao akaenda kusomea ualimu. Sasa alikuwa akifundisha hisabati na kuwanoa wasichana ambao kabla yake hawakuwa hata na mpira. Hafidha ndiye aliyekuwa mfungaji wao hodari.

"Daktari yuko pale, mwalimu. Anidunge sindano ya ganzi tu. Watu wa timu ya Nairobi wamekuja kunitazama mimi!"

Mwalimu mkuu naye akaja mbio. "Stambuli, huyu ndiye timu yenyewe! Mwache acheze."

Stambuli akapandisha mguu wa suruali. Goti lake lilikuwa na kovu refu, limekaa upande.

"Hili lilidungwa sindano siku ya fainali. Tulishinda, nikabebwa juu juu. Sikucheza tena maishani." Kisha akamgeukia mkuu wake. "Huyu akiingia uwanjani, tafuta kocha mwingine."

Walifungwa mbili bila. Watu walimzomea Stambuli mpaka nje ya lango, naye akawapungia mkono kana kwamba wanamsalimu. Hafidha alimpa kisogo, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi yake, hodi ikapigwa kwao. Mamake, Bi Shahida, akamkaribisha mwalimu kahawa.

"Ahsante, Bi Shahida, lakini leo nimemfuata mgonjwa wangu. Twende sote ufuoni. Maji ya bahari yatamsaidia."

Basi ikawa ndiyo kazi yao kabla ya kengele ya shule, miezi na miezi: Bi Shahida ameketi mchangani, Hafidha akitembea katika maji ya kiunoni, mwalimu ubavuni mwake, shati chapachapa, akimwuliza hesabu ili asahau maumivu. Siku moja wimbi lilimpiga mwalimu, goti lake bovu likamlegea, akashikilia bega la Hafidha asizame. Hapo ndipo msichana alipoyaona maumivu usoni mwa mwalimu wake, na kinyongo chote kikamtoka.

"Nisamehe, mwalimu."

"Kwa lipi? Haya, saba mara kumi na tatu?"

Mechi yake ya kwanza baada ya kupona ilichezwa Mambrui. Hafidha alimpokonya beki mpira, akageuka kwa mguu uleule uliokuwa mbovu, akampenyezea mwenzake Kadzo. Goli! Hafidha akakimbilia benchi, mikono juu.

"Rudini nyuma!" Stambuli alifoka. "Mnashangilia nini na mechi haijesha?"

Lakini ilimbidi augeukie ukuta wa uwanja kidogo, ajifute macho, kabla ya kuendelea kufoka.