Diski Zote Zimekuwa Nzima

…na hii nayo nzima, nzima kabisa, inazunguka kwa ngurumo ileile ya chini, guuu, kama mzee aliyeshiba akalala mchana, na Dishon akaukaza mpini wa bisibisi ndefu kwenye mfupa nyuma ya sikio, ncha yake ikiwa juu ya diski, akafumba macho jinsi Fundi Saleh alivyomfundisha zamani, fumba, kijana, macho yana wivu, hayapendi sikio lifanye kazi peke yake, akasikiliza, guuu, hakuna kasoro, basi atachagua ipi, maana ile nene ya kwanza ilikuwa nzima na hii nyembamba ya pili ni nzima, na Mama Beldina amekaa kwenye benchi tangu saa tatu, mkoba mapajani, viatu vina tope jeusi la Ahero, Fundi, sasa ni gani, akauliza, na Dishon akamjibu bila kufumbua macho, Ngoja kidogo, Mama, nasikiliza, na kweli alikuwa anasikiliza, nani Kisumu nzima alisifika kwa kusikiliza kama yeye, watu walitoka Maseno, walitoka mpaka Port Victoria, wakisema twende kwa yule wa Kibuye anayepima diski kuukuu kwa sikio, kwa sababu mpya nani ataiweza, hata hapa mpya ilikuwepo, iko kwenye rafu ndani ya mfuko wake, na Mama Beldina alipotajiwa bei alicheka mpaka akashika mbavu, Fundi, kwani ndani yake kunaishi mtu?, basi zikabaki hizi mbili, ile nene ya megabaiti arobaini iliyotoka kwenye ofisi ya benki, na hii nyembamba ya mia na ishirini, ambayo hakuna ajuaye ilikotoka, bei karibu sawa, na mtu yeyote angeichukua nyembamba, nafasi mara tatu, lakini rahisi huwa ghali, diski ndiyo kabati la kompyuta, alikuwa amemweleza, skrini ikifa utanunua nyingine, diski ikifa inakufa na kila kitu ulichoweka ndani, na binti yake Anyango anataka kufungua ofisi ya kuchapa pale Ahero, mitihani ya shule, mikutano ya wakulima wa mpunga, programu za matanga, na msiba haungoji mashine ipone, na kwa ajili ya kompyuta hiyo ng'ombe wawili wa kulima wameuzwa, Mama Beldina aliwataja kwa majina yao kama mtu anavyotaja ndugu waliohama… guuu, nzima, ichukuliwe basi hii nyembamba, mama apande gari la saa sita arudi kwao.

Ajabu lakini, mwaka huu diski zote zimekuwa nzima. Zamani katika kumi alikuwa akikataa nne, hata tano, ile filimbi nyembamba ya chuma kinachosagika ilimchoma kabla hata hajaishika bisibisi, siiii, akaitupa diski kwenye debe, lakini tangu Aprili hajatupa hata moja, sita ameuza, sita zote nzima, akajiambia ni bahati, mzigo wa mwaka huu ni mzuri, isipokuwa ile moja ya Mwalimu Ogola, Mungu amsamehe, mwalimu mstaafu wa Maseno aliyekusanya methali za Kijaluo miaka kumi na miwili, akazichapa moja moja kwa kidole kimoja, mwezi wa sita diski ikafa nazo, akaja akasimama hapohapo mlangoni, hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa nafuu, akasema, Dishon, hiyo kitu imelia wiki mbili kama mbu, hata wajukuu wangu walikuwa wanasikia, wewe hukusikia wakati unaiweka?, na yeye kifua mbele, Mwalimu, sikio langu halijawahi kudanganya mtu, hiyo ni umeme ya kwenu, mzee wa watu akaitikia kwa kichwa akaenda zake… kama mbu, alisema, kama mbu, na hapo Dishon akafumbua macho, kwa sababu yeye mwenyewe alisikia mbu lini mara ya mwisho, Kisumu hii, mbu wanaoimba mpaka ndani ya neti, tangu mvua ndefu wamekuwa wakimuuma kimyakimya, anaamka na vipele, anamwambia mkewe, Mbu wa siku hizi ni wezi tu, wanaingia bila kuimba, na Seline akacheka, hapana, hakucheka, alimtazama kwanza, sasa anakumbuka alivyomtazama, muda mrefu, ndipo akacheka. Akamtazama naye. Yuko palepale, ng'ambo ya meza, anampigia mtu barua kwenye taipureta, macho yake yako kwenye karatasi ya mkono aliyoletewa, vidole vinakimbia, mstari unafika mwisho, mkono wa kushoto unaruka unaurudisha, vidole vinakimbia tena, na ile kengele ndogo ya kusema mstari umeisha imekufa tangu Pasaka, alimwambia siku ileile, Mama Apiyo, kengele yako imekufa, lete niitengeneze, naye akaikumbatia mashine kama mtu ananyang'anywa mtoto, Wacha tu, Baba Apiyo, ilikuwa inanisumbua, akaiacha, lakini tazama, macho hayatoki kwenye ile barua, hata mara moja hayaendi kuangalia mstari umefika wapi, na mkono unaruka pale pale panapotakiwa, kila mara, anajuaje, mwanamke huyu anajuaje kwamba mstari umeisha…

Guuu. Anajua kwa sababu inalia. Inalia tangu Pasaka, ilikuwa inalia hata alipokuwa amesimama juu yake akisema imekufa, na zile sindano sitini za kifua kikuu za mwaka jana, yule nesi alimwambia, Baba, ukisikia masikio yanavuma useme, kuna watu hii dawa inawakula masikio, na yalivuma, yalivuma kama mashine ya kusaga posho, naye akanyamaza, kwa sababu sindano zikisimamishwa kifua kitammaliza, na Apiyo yuko darasa la pili, mtu afe amwachie nani, kisha mvumo ukaondoka akafurahi, kumbe uliondoka na vitu vyake, ukabeba mbu, ukabeba kengele, ukabeba filimbi ya diski, ukamwachia ngurumo tu, shuleni waliimbishwa sikio la kufa halisikii dawa, wala hakuna aliyewaambia kuna siku dawa yenyewe italiua sikio. Na Seline alijua. Ndiyo maana mwezi wa tano alisukuma meza yake ikamkabili, Nataka mwanga, alisema, na dirisha liko upande ule mwingine, ndiyo maana mteja akisema neno yeye hulirudia, Anasema anaitaka leo, Baba Apiyo, naye Dishon akidhani ni mazoea ya wanawake kurudia maneno, ndiyo maana siku hizi haiti tena kutoka jikoni, anakuja mpaka alipo, anamgusa bega, kisha ndipo anasema, na yeye, mjinga wa watu, akajigamba moyoni kwamba ugonjwa umewarudishia mapenzi ya zamani, mke wangu hawezi kupita bila kunigusa, alitembea na furaha hiyo miezi mitatu, kumbe… kumbe nini, kwani si mapenzi hayo, kama si mapenzi ni nini, akampenda palepale alipokaa.

Na fundi wa kusikiliza asiye na sikio ni nani, kesho wakijua nani atakuja Kibuye, angeweza kunyamaza, angesema nyembamba, au angesema nene, Mama Beldina angeamini yoyote, angeifunga kwenye kanga akaondoka, nani angejua, mficha maradhi kilio humfichua, ndiyo, lakini kilio hiki kingekuwa cha nani, hakingekuwa chake, kingelia Ahero, kwenye zizi tupu la mtu mwingine, kama kilivyolia Maseno, na zile tano nyingine ziko wapi, zinalia nyumbani kwa nani sasa hivi, itabidi azifuate moja moja, na kwa Mwalimu atakwenda kwanza, ataingia na kichwa chini.

Seline, akaita, na sauti yake mwenyewe ikamfikia kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Hiyo kengele yako haijawahi kuharibika, ama?

Vidole vikasimama juu ya herufi. Mama Beldina akaangalia huyu, akaangalia yule. Seline akainua uso wote, midomo aionyeshe vizuri, akasema polepole, Haijawahi, Baba Apiyo.

Ulijua lini?

Wakati ulisema mbu ni wezi.

Na ukanyamaza.

Nilikuwa nangoja wewe ndiye uniambie.

Akasogea kwenye stuli akamwachia nusu, naye akaja, akakaa, bega kwa bega, diski bado inazunguka, na Dishon akamsogezea kitambaa cha kichwa, akauweka mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio lake, Fumba macho, akamwambia, macho yana wivu, kisha akaweka kidole chake juu ya diski, akahisi mtetemo tu, hakuna kingine, kwa hiyo akautazama uso wa mkewe, uso huu aliuona kila siku na hakuwahi kuuliza unasikia nini, ulikuwa umetulia, umetulia, halafu kati ya nyusi pakaingia mkunjo mdogo, kama wa mtu aliyepitiwa na mbu sikioni.

Fundi, Mama Beldina akasema, ama pengine alisema, midomo yake ilisogea, sasa ni gani?

Ngoja kidogo, Mama, Dishon akamjibu. Tunasikiliza.