Nani Mwenye Misonobari Mitano?

Ardith Kowalczyk alikuwa na jibu la kila jambo la nchi, mpaka siku alipobandikiwa karatasi mlangoni. Kabla ya hapo ungemkuta kibarazani kwake na kikombe cha kahawa, akiwahukumu matajiri mmoja mmoja kama hakimu mwenye njaa. Huyu ana ndege tatu, kwani ana makalio mangapi? Yule halipi kodi hata ya kumnunulia soksi karani anayemdai. Na wabunge, ndiyo hao, wamelala mfukoni mwa matajiri, na mfuko una joto. Nani atatoka?

Dawa yake ilikuwa moja. Miaka yote aliyoendesha basi la shule, mtoto akibandika chingamu kwenye kiti asijitaje, Ardith aliegesha basi kando ya shamba la mahindi, akazima injini, akatoa kitabu chake cha mafumbo. "Basi haliendi mpaka mwenye chingamu ajitokeze." Na alijitokeza kila mara. Siku nyingine walijitokeza wawili kwa chingamu moja. "Nchi hii," Ardith alizoea kusema, "imekosa mtu wa kuzima injini."

Sasa karatasi. Ilisema kwamba mtaa wa Misonobari Mitano umepata mwenye mali mpya, kwamba mwenye mali huyo anafurahi sana kuwa nao, na kwamba kuanzia Septemba kodi ya kiwanja itapanda karibu nusu yake. Nyumba ilikuwa ya Ardith mwenyewe, kamaliza kuilipa zamani. Ardhi iliyo chini yake ndiyo ya kupanga. Nyumba ya magurudumu, ndivyo zinavyoitwa, lakini magurudumu yalishaoza, na ukijaribu kuivuta utaondoka na pazia, sakafu itabaki. Mwenye ardhi akipandisha, basi kakupata: nyumba haina miguu na wewe huna mahali.

Misonobari yenyewe haikuwepo hata mmoja. Ilikatwa ili mtaa upate nafasi ya kuitwa jina lake.

Ardith angeminya hapa na pale, angeacha nyama, angepunguza moto wakati wa baridi. Aliyebanwa hasa ni jirani yake, Burdette Haskins, mgane, fundi wa kuchomelea vyuma. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa kikaondoka na pensheni yake, akabaki na hela ya uzeeni ya serikali, basi. Kodi ikipanda, itambidi ahamie kwa mwanawe, chumba cha chini ya nyumba, pamoja na tangi la maji moto na mbwa asiyempenda.

"Serikali hiyo," Burdette alisema asubuhi ile, akiipunga karatasi yake. "Hiyo hiyo unayoililia kila siku."

"Serikali inaingiaje? Huyu ni tajiri. Yupo mahali anaogelea kwenye bwawa la pensheni yako."

"Na aliyemwachia ni nani? Si wabunge wako?"

"Wangu? Huyu wa hapa ulimpigia kura wewe, babu. Bango lake bado limesimama kwenye nyasi zako."

"Lile nimeliacha liwatishe fuko wanaochimba nyasi."

Wakaenda pamoja ofisini kwa Duane Purcell, msimamizi wa mtaa, kijana mpole mwenye kofia mpya.

"Mwenye mali ni nani?" Ardith aliuliza.

"Kampuni, bibi."

"Ya nani?"

"Ya kampuni nyingine."

"Na hiyo nyingine?"

Duane alijikuna shingo. "Bibi, mimi niliajiriwa kwa simu. Sijaona sura ya mtu. Walichonitumia ni hii kofia."

Ardith alirudi nyumbani na furaha fulani, msione ajabu. Mtu anayejificha ndiye aliyebandika chingamu, hilo alilijua vizuri. Kilichobaki ni kupata mahali pa kuzima injini.

Mahali palipatikana Jumamosi. Zimamoto ya mji wa Weller huuza kifungua kinywa kila kiangazi ili inunue mipira ya maji, na mwaka wa uchaguzi hukosi mbunge nyuma ya kikaango. Safari hii alikuwa Mheshimiwa Galen Stroud, aproni kifuani, akigeuza pankeki kama aliyezaliwa nazo. Foleni ilifika barabarani. Ardith alipofika mbele aliishika sahani yake kifuani.

"Mheshimiwa, nani kanunua Misonobari Mitano?"

"Swali zuri sana, mama! Nikuwekee moja au mbili?"

"Niwekee jibu. Pankeki baadaye."

Nyuma watu wakaanza kukohoa. "Ardith, sogea, watoto wana njaa!"

"Foleni haisogei mpaka mtu ajitokeze."

Nusu ya watu wa foleni ile walikuwa wamepanda basi lake utotoni. Wakainamisha macho bila kujua kwa nini. Mwanamume mmoja, baba wa watoto watatu, alitema chingamu kwenye karatasi ya kufutia mikono.

Mheshimiwa aliweka mwiko chini. "Mama, nakuunga mkono asilimia mia. Matajiri wamezidi! Wabunge wamelala! Inatia hasira."

"Wewe ni mbunge."

"Ndiyo maana nina hasira!"

Ardith alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na maneno ya kumtosha mtu huyu mpaka uchaguzi ujao. Lakini ni kama kusukuma kwa bega mlango uliokuwa wazi: unajikuta umelala ndani, na mwenye nyumba anakuuliza kama umeumia.

"Basi nani kanunua?" alisema tena, sauti imepungua.

"Nimefuatilia jambo hili mwenyewe," Mheshimiwa alisema, akapaza sauti ili foleni nzima ifaidi. "Ile kampuni ni ya kampuni nyingine. Na hiyo nyingine, fedha yake nyingi imetoka kwenye mfuko wa pensheni wa watumishi wa shule wa jimbo letu. Walimu, wapishi, madereva." Akatabasamu meno yote. "Mama yangu, wewe ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Pankeki ilianza kuungua. Hakuna aliyeigeuza.

"Aliendesha basi la shule," sauti ilisema kutoka nyuma.

"Oo, hongera!" Mheshimiwa alisema, akamwekea mbili.

Foleni ikasogea.

Burdette alicheka tangu kituo cha zimamoto mpaka daraja la mto. Gari lake bovu likawa linacheka naye.

"Mama mwenye nyumba, gata ya paa langu inavuja."

"Nyamaza."

"Na lile shimo la njiani, bosi. Nimelalamika tangu theluji."

"Burdette, nitashuka."

"Shuka popote. Ardhi si yako?"

Baada ya daraja Burdette aliacha kucheka. Akaendesha, mikono yote miwili kwenye usukani, mpaka walipoingia mtaani.

"Kwa hiyo," alisema, "wewe ndiye unayenipeleka kwa yule mbwa."

Halikuwa na mzaha ndani yake. Ardith, yeye aliyekuwa na jibu la ndege na la soksi, alishuka gari liliposimama, akaingia kwake.

Jumatatu alipiga simu kwenye mfuko. Alingoja sana, ndipo akapokea mama mmoja mwenye sauti ya asali, jina lake Noreen.

"Kwa nini mnatupandishia kodi?"

"Sisi hatupandishi kitu, bibi. Sisi tunawekeza tu. Sheria inatutaka tukuletee faida kubwa kadiri tunavyoweza. Kwa manufaa yako."

"Hiyo faida siitaki."

"Huwezi kuikataa, bibi. Ni yako."

"Basi niunganishe na mkubwa wenu."

"Mkubwa wetu ni bodi."

"Na bodi kaiweka nani?"

"Baadhi yao huchaguliwa na wanachama. Na wewe ulipiga kura safari iliyopita, bibi, naliona jina lako hapa. Asante sana. Wengi huwa hawapigi."

Ardith alikumbuka. Zilikuja picha za wagombea, hakumjua hata mmoja, akamchagua yule aliyepiga picha na mbwa mwenye masikio mazuri.

"Yule mwenye mbwa," alisema. "Aliahidi nini?"

"Faida kubwa zaidi, bibi."

Akaweka simu chini. Akakaa. Alijaribu kujikasirikia, akaona haya. Akajaribu kujihurumia, akasikia njaa. Akakaanga yai. Alipokuwa akilila akamfikiria Wilma, mpishi wa shule wa zamani, nyonga zote mbili za bandia, ambaye pensheni ile ndiyo inayomnunulia dawa. Kodi ya Burdette ndiyo nyonga za Wilma? Na kama ni hivyo, yule tajiri wa bwawa yuko wapi? Maana yupo! Hawezi kukosekana kabisa. Ndege zile tatu haziruki zenyewe. Kuna mtu katikati ya kampuni na kampuni anayekata kipande chake kabla hela haijapita, hilo Ardith angeapa. Lakini kila alipomnyooshea kidole, kidole kilizunguka kona, kikapita kwa Noreen, kikapita kwa mwenye mbwa, kikarudi kumchoma yeye kifuani.

Alimweleza Burdette hayo yote kibarazani. Burdette alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unataka nimchukie nani?" alisema. "Niambie mapema, maana ninafungasha."

Na kweli alikuwa akifungasha. Siku za mwisho za Agosti maboksi yalisimama kibarazani kwake, na mwanawe akapiga simu kusema tangi la maji moto limehamishwa kidogo, kitanda kitaenea. Mbwa hakutajwa.

Ardith alivuka nyasi akiwa na ndara.

"Hicho kiti usikipakie. Kilete kwangu."

"Kiti changu? Kwako kikafanye nini?"

"Kikae nawe juu yake. Chumba cha nyuma kina cherehani tu. Kodi ya kiwanja changu tutaigawana, itatushinda vipi wawili?"

"Watu watasema, Ardith."

"Watasema nini? Una miaka sabini na minane na unalala jua halijazama."

"Utaniwekea zile habari zako asubuhi mpaka jioni."

"Siku zangu na siku zako. Jumapili hakuna habari, tunatazama mpira."

Burdette aliangalia boksi, akaangalia kiti. Kilikuwa kiti cha kuegemea, cha ngozi, kizito kama ng'ombe. "Bango langu nalo lije?"

"Bango libaki na fuko."

Walikuwa wamefika katikati ya nyasi, kiti kati yao juu ya kitoroli, Duane alipotokea. Alionekana hana raha.

"Bibi, samahani. Kuna kanuni mpya. Mkazi wa ziada analipiwa ada kila mwezi."

Ardith aliachia kitoroli. "Inakwenda wapi hiyo ada?"

"Kwa kampuni."

"Ikitoka kwa kampuni?"

"Kwa ile kampuni nyingine."

"Ikitoka huko?"

"Kwa mfuko, nasikia."

"Na mfuko unampa nani?"

Duane alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Wewe, nadhani."

Ardith akafungua kiganja mbele yake. "Basi nipe hapa hapa, tuiokolee nauli."

Duane alikitazama kile kiganja. Mtu angedhani atacheka, lakini kijana wa watu alitoa simu akapiga makao makuu. Muziki ukaanza kulia. Wote watatu wakasimama wakiusikiliza, jua likiwachoma visogo.

"Wanasema simu yangu ni muhimu kwao," Duane alisema.

"Wape pole," Burdette alisema.

Muziki uliisha ukaanza tena. Mwishowe Duane alishusha simu bila kuikata. "Labda mimi sijamwona."

"Hujamwona nani?"

"Huyo aliyeshika kiti."

Akageuka akaenda zake, muziki bado unalia mkononi mwake. Kama makao makuu walipokea baadaye, na kama walimuuliza, Ardith hakujua.

Kiti kilikwama mlangoni. Wakati Burdette akikigeuza huku na huku, Ardith aliitazama ile nyumba ya Burdette ng'ambo, madirisha hayana mapazia. Kuanzia kesho kiwanja kile hakitaingiza hata senti, na hasara hiyo itasafiri kutoka kampuni hadi kampuni mpaka ifike kwa Wilma na kwake.

"Burdette, hebu niambie. Hapa nimepata au nimepoteza?"

"Unaniuliza mimi? Mimi si mwenye ardhi," Burdette alisema kutoka nyuma ya kiti. "Nipishe mlango, mgongo unakatika."