Fimbo Mbaya Kuliko Zote Dukani

Wiki nzima msagishaji aliishi ndani ya ngurumo. Mashine yake ya kusaga nafaka ikishawashwa asubuhi, wateja walimweleza shida zao kwa vidole, naye akawajibu kwa kupiga kelele. Jioni akifika nyumbani alikuwa bado anapiga kelele, hata akiomba chumvi. Ndiyo maana Jumapili aliipenda kuliko mtoto anavyopenda sikukuu. Jumapili alichukua fimbo yake ya kuvulia, akaenda bwawani kutafuta besi, samaki mwenye mdomo mpana na hasira za karibu, na huko hakuna aliyemsemesha mpaka jua linazama.

Sasa, nyumbani kwake kulikuwa na redio isiyozimwa. Si redio ya betri, jamani. Ni mkewe, fundi wa kufuma masweta, mwanamke mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Msagishaji alimwita Redio, ila kimoyomoyo tu, maana mjinga hakuwa.

Alhamisi moja wanakunywa chai, Redio akaweka kikombe chini, akasema, "Jumapili hii nakwenda na wewe bwawani."

Chai ikampalia mzee wa watu. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Bwawani? Kuna mbu kule, mama watoto."

"Mbu wa hapa nawalisha kila siku. Wa kule wana nini?"

"Kuna tope."

"Nina mabuti."

"Kunachosha. Watu wanakaa tu."

"Basi tutakaa tu," akasema Redio, na kumwongezea chai.

Msagishaji alilala akiangalia dari. Amkatalie? Thubutu! Neno "hapana" kwa Redio halifi. Lingezungumzwa mpaka wajukuu waote ndevu. Na akimkubalia, kwaheri ukimya wake, kwaheri Jumapili, aanze kusikia habari za majirani hata katikati ya maji. Akageuka huku, akageuka kule, mwisho shetani akamnong'oneza. Si lazima amkataze. Amnunulie vifaa vibaya! Fimbo imchoshe mkono, mshipi umvurugikie, ndoana inase kila kitu isipokuwa samaki, na kabla ya mchana atasema mwenyewe: baba watoto, mambo haya siyawezi, niache nyumbani. Baada ya hapo akalala usingizi mzito, bila haya.

Kesho yake wakaenda kwa Kipara, muuza vifaa vya kuvulia. Duka la Kipara lilibanwa kati ya fundi viatu na fundi simu, jembamba kiasi kwamba wateja wawili wanene walilazimika kukubaliana nani aingie kwanza. Fimbo zilisimama ukutani, na chambo bandia zilining'inia kwenye misumari, nyekundu, kijani, za fedha. Kipara alikuwa na kawaida yake. Hakuuzii fimbo mpaka ufumbe macho, aishike ncha yake, aivutevute kama samaki, nawe umwambie umesikia nini mkononi.

"Karibu shemeji," akamwambia Redio, akampa fimbo moja nyepesi, si ndefu sana, yenye ncha laini. "Haya, fumba macho."

Redio akafumba.

"Amegonga," akasema. "Amegonga tena. Sasa ananivuta kushoto. Sasa kaniacha... Kipara, umeiachia unajikuna kichwa!"

Kipara akacheka mpaka akashika meza. "Shemeji ana mkono huyu! Wapo watu wanakuja hapa mwaka wa tatu hawajui kama samaki ameshika au amelala. Chukua hii. Nitakufungia na rili ya watu wastaarabu, mshipi unatoka wenyewe bila ugomvi."

Msagishaji aliona mpango wake unaota mbawa. Akajipenyeza katikati yao.

"Hiyo nyepesi mno. Mke wangu ana mikono ya kazi. Mpe ile." Akaonyesha pembeni, nyuma ya mlango, ilikosimama fimbo nene, ndefu, nyeusi, yenye vumbi la miaka.

"Ile?" Kipara akashangaa. "Unataka avue besi au avue mamba?"

"Ile ile. Na rili mpe ile ya kulala juu, ya ngoma."

Kipara akamtazama. Akamtazama tena. Rili ni kile kigurudumu kinachokunja mshipi, na hiyo ya ngoma ilikuwa na tabia zake. Ukirusha chambo, ngoma inazunguka yenyewe kwa kasi, na usipoizuia kwa dole gumba mahali pake, kwa wakati wake, mshipi unatoka ovyo na kujisokota kama kiota cha ndege.

"Mzee wa Mashine," akasema taratibu, "kuna wanaume wamelia kwa rili hii."

"Mke wangu halii ovyo."

Kwenye chambo ikawa vile vile. Kipara alimwaga vitu vyake juu ya kioo cha meza: kisamaki cha mbao chenye mdomo wa kuchimba maji, chura wa mpira, kibati kinachozunguka na kumetameta. Akaeleza kwamba bwawa lile lina majani mengi, kwa hiyo heri mnyoo wa mpira, kwa sababu ndoana yake unaificha ndani ya mwili wake na majani hayaishiki. Msagishaji akasema ahsante, akachukua lisamaki kubwa la rangi ya chungwa, lenye ndoana zilizotapakaa tumboni na mkiani, lenye uwezo wa kung'oa majani ya bwawa zima. Redio aliomba wamwekee na mnyoo mmoja mweusi, mwembamba. Mumewe akakubali kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa alijua kurusha mnyoo ule kwa fimbo ile ni sawa na kurusha unyoya kwa mpini wa jembe.

"Umegombana na shemeji?" Kipara akamnong'oneza.

"Wewe funga mzigo."

Msagishaji akatoka kwenda kuifunga ile fimbo kwenye pikipiki, kazi ambayo haikuwa ndogo, kwa sababu kila alipoifunga mbele ilizuia usukani, na kila alipoifunga nyuma ilitaka kumtoboa mpita njia jicho. Ndani alimwacha mkewe akiaga. Na kuaga kwa Redio kunahitaji subira.

Jumapili ikafika. Bwawani kulikuwa na ubaridi wa asubuhi, maji yametulia, na ng'ambo walikaa wavuvi wachache, kila mmoja na ndoo yake. Msagishaji akamweka mkewe mahali pazuri, angalau hilo tumhesabie, akamwelekeza kwa maneno machache, makusudi yawe machache.

Redio akarusha. Lisamaki la chungwa likaruka juu, likapita juu ya maji yote yaliyopatikana, likanasa kwenye mti.

"Pole," akasema mumewe, na ndani ya shavu anatabasamu.

Lisamaki likakataa kushuka. Wakaukata mshipi, wakafunga mnyoo. Redio akarusha tena, fimbo nene ikavuma, mnyoo ukaanguka karibu na miguu yake, na ile rili ikajifumua yote na kujisokota. Kiota! Kiota cha kutagia kabisa, hata yai lingekaa.

Msagishaji akageukia maji yake. Akangoja. Sasa atakasirika, akawaza. Sasa atasema mkono unauma. Sasa ataulizia pikipiki.

"Ala!" Redio akasema. Sauti yenyewe ilikuwa ya furaha. Akageuza ndoo, akaikalia, akailaza rili mapajani, akachomoa sindano ya kufumia iliyokuwa imechomekwa kwenye kilemba. "Angalia hiki kifundo, baba watoto. Kimejipitisha chini halafu kikarudi juu. Kina akili hiki!"

Msagishaji akaliona kosa lake. Jamani, mtu ameoa fundi wa kufuma, miaka yote anamwona akifumua masweta makuukuu na kupanga nyuzi magotini, halafu anamletea mafundo ili akate tamaa! Na kama mnavyomjua mwanamke wa kazi ya mikono, vidole vikishapata shughuli yake, mdomo nao unapata nafasi. Redio alizungumza. Alianza na sweta la shule lililorudishwa kwa sababu mtoto ana kichwa kikubwa, akapita kwa jirani mwenye jogoo asiyejua saa, akafika kwa mama mkwe wa binti yao, akakaa huko muda mrefu. Kiota kikafumuka, akarusha, kikajisokota kingine, akashangilia, akaanza upya. Wavuvi wa ng'ambo walikuwa wanacheka waziwazi. Mmoja akauliza kwa sauti yule jogoo mwishowe alifanywaje.

Msagishaji hakuvua kitu. Alikaa na hasira zake, na hasira zilikuwa za kwake mwenyewe, hakuwa na wa kumpelekea.

Halafu Redio akanyamaza.

Mwanzoni mumewe aliona raha. Akavuta pumzi. Akasikia maji, akasikia ndege. Baadaye kidogo akaanza kusikia kwamba hamsikii mkewe. Akamwangalia. Sindano ilikuwa imesimama.

"Mama watoto?"

"Abee."

"Mbona kimya? Unaumwa?"

"Siumwi. Si ndicho ulichokifuata huku? Nimekuachia kidogo."

Msagishaji alishika fimbo yake, akaiachia, akaishika.

"Mimi sikulaumu," Redio akaendelea, polepole, jambo ambalo si kawaida yake. "Wewe wiki nzima unasikia kelele mpaka unashiba. Mimi wiki nzima niko na cherehani ya kufumia, na tangu kitinda mimba wetu aolewe, hakuna anayepita hata kuniuliza sweta hili la nani. Jioni unakuja, lakini umechoka, hunisikii. Nangojea Jumapili. Jumapili unaondoka. Jumapili iliyopita nilijikuta naiuliza birika imeamkaje. Halafu nikangoja inijibu, baba watoto. Nikacheka. Halafu nikalia kidogo. Nikasema, hapana, wiki ijayo nakwenda na yule mzee, hata akinipa mti wa kuchochea moto nivulie."

Maneno yale yalimchoma. Alijua mkewe anazungumza; hajawahi kujiuliza anazungumza na nani yeye akiwa hayupo. Akaona aibu, aibu ya kweli, ya kupandisha joto mpaka masikioni.

"Lete hiyo," akasema.

Akamnyang'anya fimbo nene na kiota chake, akamtia mkononi fimbo yake mwenyewe, ile nyepesi aliyoitunza kama kidonda. Akafunga mnyoo mweusi. Akamwonyesha gogo lililozama, mahali kivuli kinapoingia majini. "Pale. Usitumie nguvu. Uache uzame, halafu uuburute taratibu, kama mtu anayetafuta viatu gizani."

Redio akarusha. Mnyoo ukaenda, ukatua kando ya gogo bila kelele. Akafumba macho, kama dukani.

"Amegonga," akanong'ona.

"Ngoja."

"Amegonga tena. Anaondoka nao, baba watoto, anaondoka nao!"

"Vuta!"

Akavuta. Besi akaruka nje ya maji, mdomo wazi, anatikisa kichwa kama anayekataa deni, na Redio akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani. Msagishaji akaingia majini na viatu, wavu mkononi, akateleza, akakaa kwenye tope mpaka kiunoni, lakini samaki akampata. Ng'ambo wakapiga makofi. Alikuwa mkubwa kuliko besi yeyote ambaye msagishaji alimvua msimu ule. Hilo nalitaja mimi, yeye hakulitaja.

Walipokwisha kucheka, msagishaji, akiwa bado anakamua suruali, akaamua kulitoa la moyoni.

"Mama watoto, nisikilize. Ile fimbo nilikuchagulia mbaya kusudi. Na rili. Nilitaka uchoke, usirudi tena."

"Najua," akasema Redio, anapanga upya mnyoo wake.

"Unajua?"

"Kipara aliniambia wewe ukiwa nje unapigana na pikipiki. Alitaka kunibadilishia nyuma ya mgongo wako. Nikamkataza."

"Kwa nini sasa? Umeteseka bure asubuhi yote!"

"Angebadilisha fimbo tu," akasema Redio. "Wewe ungebaki vile vile. Nikasema ngoja, nikae naye, nione kama atanipa ya kwake."

Msagishaji akakaa chini, kwenye nyasi, ile fimbo nene magotini. Akaanza kufumua kiota, kwa vidole vyake vinene visivyojua kazi ile. Na kwa kuwa vidole vilikuwa na shughuli, sijui ilikuwaje, mdomo nao ukafunguka. Akamweleza habari za lile gogo, lilivyoanguka mwaka wa mvua kubwa. Akamweleza samaki aliyemponyoka pale. Akamweleza kwamba siku hizi sikio la kushoto linamwimbia hata mashine ikizimwa, na kwamba anaogopa, na hajamwambia mtu. Alizungumza jua likapanda, likapita utosini, na hakusikia sauti yake mwenyewe ilivyokuwa ya chini, sauti ya mtu aliye karibu na mtu.

Redio akainua kidole, macho hayatoki kwenye mshipi.

"Ngoja kwanza, anagonga," akasema. "Lakini usisahau ulipofikia."