Yadi Tano za Bafta

Tusidanganyane, Martina hakuwa na mkono wa sindano. Jembe alilijua, na kwa kupanda kabichi kwenye yale matuta ya mlimani hakuna mwanamke wa kijiji kile aliyemfikia. Lakini mpe sindano, utamhurumia. Nguo zake zikichanika alizipiga fundo. Vifungo vya sare ya binti yake Cecilia alivishikiza kwa uzi wa gunia. Mama yake mzazi, Bibi Scholastika, ambaye aliishi naye nyumba moja, alizoea kumwambia, "Mwanangu, wewe ukishona, nguo inalia," kisha anacheka mpaka anakohoa.

Basi mwaka ule, muda si mrefu baada ya vita vya Kagera, maduka yamekauka nchi nzima, sabuni ya kutafuta na kitambaa ndiyo usiseme, likaletwa kijijini darasa la ufundi la akina mama. Mwalimu alitoka Morogoro mjini, anaitwa Rosa, mama mnene mcheshi, na alikuja na cherehani moja ambayo wanawake ishirini na sita waliigombea kutwa. Martina hakugombea. Alikaa nyuma, akapewa kroshia, ile sindano yenye ncha ya kulabu, na kidonge cha uzi mweupe. Wiki ya kwanza alifuma kitu ambacho hata mwalimu alishindwa kukipa jina.

"Mama Cecilia," Rosa akamuuliza, "hiki ni kitambaa cha kochi au ni kiota cha ndege?"

Darasa zima likaangua kicheko. Martina naye akacheka, afanyeje? Lakini alipofika nyumbani alivuta uzi, kazi ya wiki nzima ikafumuka kwa mvuto mmoja, akaanza upya. Hilo ndilo lililomfanya aipende kroshia: ukikosea unavuta tu, uzi unabaki mzima, na hakuna anayejua. Laiti angekumbuka kwamba mkasi hauna huruma hiyo.

Ilipofika Pasaka alikuwa amefuma pindo lake la kwanza, refu, lenye vijiua. Huku limebana, huku limelegea, lakini pindo. Rosa akambandika jina la fundi mbele ya wenzake. Nani alisema sifa hazileweshi? Martina akarudi nyumbani kichwa juu, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana Cecilia alikuwa apokee Komunyo ya Kwanza mwezi wa Juni, sikukuu ya Ekaristi, na mtawa aliyewafundisha katekisimu alikuwa ameshasema: wasichana wote gauni jeupe.

Kitambaa cheupe kitoke wapi? Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kondo, kila ukimuuliza alikuwa na jibu lile lile. "Kinakuja, mama. Lori lipo Msamvu." Wiki ijayo lori lipo Msamvu. Mwezi ujao lori bado lipo Msamvu. Lilipopanda mlima mwisho wake, lilileta viberiti na kandambili za mguu wa kushoto nyingi kuliko za kulia. Kitambaa hakuna hata cha kufungia kidonda.

Lakini nyumbani kwa Martina kitambaa kilikuwepo. Chini ya kitanda cha Bibi Scholastika palikuwa na sanduku la bati, na ndani yake zilikuwa yadi tano za bafta nyeupe. Ilikuwa sanda yake. Kijiji kizima kiliijua habari ya ile bafta, na sababu yake.

Mumewe, marehemu Mzee Andrea, alifariki mwaka ule watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba ya zamani imeshaezuliwa, vyombo viko njiani, duka la kijiji halijafunguliwa. Mzee wa watu akazikwa amefungwa magunia mawili ya katani, yale yale ya kuteremshia kabichi sokoni. Bibi Scholastika siku ile hakulia. Matanga yalipoisha aliuza mbuzi wake wawili, akateremka kwa miguu mpaka Mlali, akapata gari la mjini, akarudi na bafta. Akaitia alama ya uzi mwekundu kwenye pembe, akaifungia.

"Mimi sitazikwa kama kabichi," akamwambia Martina. "Sikia vizuri. Sikudai jambo jingine, ila hilo tu. Nikifa, nivikwe kitambaa kizima."

Kila mwaka masika yakikatika aliitoa, akaianika kivulini itoke unyevu, akaikunja, akairudisha. Mwaka ule alikuwa ameshaianika mwezi wa Mei. Martina akapiga hesabu: mama hatalifungua tena sanduku mpaka masika mengine yapite. Mwaka mzima! Ndani ya mwaka mzima kitambaa kitakosa kuja? Atakata yadi mbili tu, kisha atazirudisha, mama hatajua. Angeweza kumwomba. Hilo lilimpitia, nami sitasema halikumpitia. Lakini alimwonea haya mama yake, na haya ikikutana na kiburi cha fundi wa juzi, mtu anaona bora aibe.

Bibi alipokwenda kanisani siku ya Jumamosi kupanga maua, Martina akakata yadi mbili.

Sasa Juni ya kule mlimani mnaijua. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Nani atamvua mtoto sweta apimwe gauni? Martina akampima Cecilia hivyo hivyo, sweta mwilini, na chini ya sweta kuna sweta jingine. Akakata, akashona kwa mkono siku tatu. Gauni lilipovaliwa wangeingia Cecilia wawili na nafasi ikabaki. Fundi wa kweli angebana mishono. Martina akachukua mkasi akapunguza, huku kidogo, kule kidogo, kule tena, mpaka makwapa yakakutana na kiuno.

Akarudi sandukuni. Yadi mbili nyingine. Safari hii alimpima mtoto akiwa na shimizi tu, anatetemeka meno, lakini alisahau kuacha nafasi ya mshono. Gauni likambana Cecilia hata kuhema hawezi. "Mama, linaniuma," mtoto akalalamika. Martina akamzaba kofi, kisha akakaa chini akalia yeye, maana yadi iliyobaki ilikuwa moja na sikukuu ilikuwa wiki hiyo. Akaikata hiyo nayo: viraka vya mbavuni na mikono miwili, na mikono yenyewe yote miwili ikatoka ya upande wa kulia. Kila palipokuwa na kiungo kibaya akakifunika kwa kroshia. Pindo lake lote refu likaenda chini, kuzunguka gauni.

Lakini sanduku tupu lina sauti yake likisukumwa. Martina akachukua mifuko mitatu ya unga, ile ya kitambaa yenye herufi za Kizungu, ya unga wa msaada, akaikunja akaiweka pale ilipokuwa bafta. Mkono ukigusa, utagusa nguo.

Siku ya Komunyo watoto walitoka kanisani wakiimba, na Bibi Scholastika, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akamvuta mjukuu wake kwake. Akamshika mabega, akashuka na vidole mbavuni, kwenye viungo, mpaka kwenye pindo. Pale akakaa. Akapapasa pembe moja muda mrefu.

"Umependeza, mjukuu wangu," Bibi akasema. Kisha akamgeukia Martina. "Kitambaa kizuri. Umekipata wapi, mwanangu?"

"Mwalimu Rosa, mama. Alinitafutia mjini."

"Mungu ambariki huyo mwalimu," Bibi akajibu, akaomba apewe fimbo yake waende nyumbani.

Tangu siku ile Bibi Scholastika alianza mambo yake. Mara yuko kijitoni na majivu na malimau, anasugua kitu kwenye jiwe kutwa nzima. Mara amekaa nyuma ya nyumba juani, anamwita Cecilia amtungie uzi kwenye sindano. Martina alimwona, na mara moja tu alithubutu.

"Mama, unashona nini na macho hayo?"

"Nashona mto. Kichwa changu kinataka mto."

Martina hakuendelea. Mwenye siri huogopa hata kuuliza habari za asubuhi. Kila wiki alikwenda kwa Mzee Kondo, anasimama foleni alfajiri, anarudi na chumvi. Darasani hakwenda tena. Rosa alituma salamu mara mbili, kisha darasa likahamia kijiji kingine na cherehani yao. Usiku akiomba rozari Martina alimwomba Mungu jambo moja tu: mama yangu asife kabla ya kitambaa.

Mungu ana mipango yake. Masika yalikuja mapema na kwa fujo, barabara ya Mlali ikakatika sehemu mbili, na Bibi Scholastika akashikwa na vichomi. Siku nne tu. Siku ya tano asubuhi, mvua inapiga bati, akakata roho mkono wake umo mkononi mwa Martina, na hakuwa amesema lolote juu ya sanda.

Wanawake wakaja kumwosha. Aliyewaongoza alikuwa Mama Modesta, jirani, mwenye sauti kubwa na roho nzuri. Walipomaliza kuosha akasema, "Haya, Martina, tupe sanda ya mama. Angalau yeye alijiwekea."

Martina hakuinuka. Akabaki kakaa pale sakafuni kama hakusikia. Mama Modesta akadhani ni uchungu, akainama mwenyewe, akalivuta sanduku, akalifungua.

Ndani kulikuwa na mifuko ya unga. Lakini haikuwa kama Martina alivyoiacha. Ilikuwa imefumuliwa ikawa vipande bapa, imesuguliwa mpaka imekaribia weupe, herufi za Kizungu zimebaki kivuli tu. Vipande viwili vilikuwa vimeunganishwa kwa mishono mikubwa iliyopinda, mishono ya mtu asiyeona. Cha tatu kilikuwa kimeshikizwa nusu, na sindano ilikuwa bado imechomekwa pale pale, tundu lake tupu. Bibi alikuwa ameishiwa uzi.

"Bafta iko wapi?" Mama Modesta akauliza taratibu.

"Nimeikata mimi," Martina akasema. "Niliiba. Lile gauni la Cecilia." Ghafla akasimama, akaanza kupiga kelele. "Cecilia! Lete gauni! Lete nilifumue, nitaunga vipande, nitamvika mama yangu bafta yake!"

Cecilia alikuwa mlangoni, gauni kalikumbatia kifuani. Alikuwa ameshalitoa. Lakini hakusogea.

"Bibi alikataza," akasema huku analia. "Alisema mama yako akitaka kulifumua, mkatalie. Alisema ni lako."

"Bibi alijua?" Martina akauliza.

"Siku ile ile ya Komunyo. Aliugusa uzi wake mwekundu, uko pembeni, chini ya pindo. Nikamuuliza kwa nini hasemi." Mtoto akafuta kamasi. "Akasema, 'Mama yako angeniomba, ningempa. Ila hakuniomba.'"

Martina alishika kichwa kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho Mama Modesta anasema hajakisikia tena mpaka leo, na wala hakwenda kumshika. Yako mambo ambayo mtu huachwa ayalie.

Lakini maiti hangoji. Mzee Kondo alituma mtu Mlali, na mtu huyo akarudia kwenye daraja lililovunjika. Wanawake wakazunguka nyumba zao kutafuta kitambaa. Walirudi na khanga zilizochakaa zenye matundu. Kilichokuwepo ni kile alichokiandaa marehemu mwenyewe, nacho hakikutosha bila kipande cha tatu. Mama Modesta akachomoa ile sindano. "Uzi," akasema. "Nani ana uzi?" Kijiji kizima hakikuwa na uzi ila wa gunia, na wa gunia nani angethubutu?

Martina akainuka, akamwendea mwanawe. Cecilia akarudi nyuma.

"Silifumui gauni," Martina akamwambia. "Nipe pindo tu."

Akalipata lile fundo la mwisho alilolifunga mwenyewe, akalikata kwa meno, akavuta. Pindo likaanza kukimbia, kijiua baada ya kijiua, kazi ya Kwaresima nzima, gauni likizunguka mikononi mwa mtoto, mpaka uzi wote ukawa umelala chungu sakafuni, umejikunjakunja lakini mzima. Pembeni ya gauni ukabaki uzi mwekundu peke yake.

Akatunga sindano, akakaa kando ya mama yake, akashona. Alikiunga kipande cha tatu. Wakamfunika, wakamgeuza, na akashona ubavuni kutoka miguuni kupanda juu, hana haraka, kila tundu likifuata tundu. Alipofika begani, kivuli cha herufi tatu kilionekana, na hakuna alichoweza kufanya. Alipofika shingoni alisimama kidogo, akamtazama, kisha akamaliza.

Mama Modesta alipitisha kidole juu ya ule mshono, mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa umenyooka. Maisha yake yote Martina hakuwahi kushona mshono ulionyooka, na aliyekuwa akimcheka ndiye aliyekuwa ndani ya sanda ile.